Mbunifu Hajauliza Mkwe Atakaa Wapi

Katika kipindi cha Marekani kiitwacho Trading Spaces, mbunifu Hildi Santo-Tomas aliwahi kuingia kwenye nyumba ya watu akabandika nyasi kavu ukutani kwa gundi. Kipindi hicho kilianza mwaka 2000. Utaratibu wake ulikuwa huu: majirani wawili wanabadilishana funguo, kila upande unapewa mbunifu, dola 1,000 na siku mbili za kazi, na fundi seremala mmoja anahudumia pande zote mbili. Muda ukiisha, mwenye nyumba anafumba macho, anaongozwa hadi katikati ya chumba chake mwenyewe, kisha anaambiwa afumbue.

Watazamaji wa kule walibishana: wapo waliosema huyu mama ni jasiri, wapo waliosema amevuka mpaka. Mtazamaji wa Mbalizi kule Mbeya, au wa Ilula kule Iringa, haoni mahali pa kubishana. Amekulia chini ya paa la nyasi, amemwona baba yake akiuza mahindi msimu baada ya msimu mpaka bati zikatimia, na anakumbuka mvua ya Machi ilivyokuwa ikivuja juu ya magunia. Nyasi zimetoka kwenye nyumba yake kwa jasho. Mtu anayezirudisha ndani bila kuuliza, tena kwa gundi, huyo kwake hana adabu.

Nimeanza na nyasi kwa sababu vipindi vya kukarabati nyumba sasa vina watazamaji wengi huku Nyanda za Juu Kusini, na watazamaji hao wana maoni makali kuhusu wabunifu. Runinga ilifika Tanzania Bara mwaka 1994, na mwaka 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa Mbeya kila nyumba iliyotaka picha ikalazimika kununua king'amuzi. Ving'amuzi vikaleta chaneli za nyumba za Wamarekani na Wakanada, simu zikaleta vipande vifupi vya vipindi hivyohivyo. Leo ukikaa saluni Mwanjelwa, au ukisubiri basi Ipogolo, utasikia watu wakijadili dari la jipsamu na rangi ya ukuta kwa umakini uleule wanaomjadili nao beki wa Mbeya City. Anayesema hao ni watu wa kuiga tu bado hajawasikiliza. Wana vipimo vyao, na kwa maoni yangu vipimo hivyo ni sahihi kuliko vya waandaaji.

Kipimo cha kwanza ni kama mbunifu alisikia alichoambiwa. Ndiyo maana Doug Wilson, mwenzake Hildi katika kipindi kilekile, hapendwi. Mama mmoja alikuwa na mahali pa moto pa matofali sebuleni, na ujumbe ulishafika kwamba pasiguswe. Wilson akapafunika kwa mbao. Mama alipofumbua macho alitoka chumbani, na kwa kuwa kinasa sauti kilikuwa bado kimefungwa kwenye nguo yake, nchi nzima ikamsikia akilia. Tukio hilo limerudiwa mara nyingi kama burudani. Huku kwetu linaumiza zaidi, maana mahali pa moto tunapajua. Nyumba za zamani za Gangilonga kule Iringa, za Uzunguni Mbeya, na zile za mashamba ya chai Mufindi, zina dohani, na mwezi wa Juni na Julai watu huwasha kuni kwelikweli. Mji wa Mbeya uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Asiye na dohani huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliokufa kwa hewa ya mkaa. Mbunifu anayefunika mahali pa moto kwa ajili ya pambo angeulizwa maswali mazito Isyesye.

Anayependwa ni Vern Yip, ambaye vyumba vyake vilikuwa nadhifu na vyenye utulivu. Anapendwa pia Frank Bielec, mzee mwenye ndevu aliyefariki mwaka 2020. Bielec hakuwa na mtindo wa kutisha, ila alizungumza na wenye nyumba kama mtu wa ukoo.

Uingereza ndiyo iliyoanzisha mtindo huu wa majirani kubadilishana vyumba, kwa kipindi cha BBC cha Changing Rooms cha mwaka 1996. Humo mbunifu Linda Barker alitengeneza rafu ya kuning'inia akapanga juu yake birika za chai za kale ambazo mwenye nyumba alizikusanya kwa miaka. Usiku rafu ikaanguka na birika zikavunjika karibu zote. Thamani yake ilitajwa kuwa pauni 6,000. Ukitaka kujua mama wa Iringa atasema nini juu ya tukio hilo, tazama kwanza kabati lake la vyombo. Liko sebuleni na si jikoni, milango yake ni ya kioo, na ufunguo anao yeye. Ndani kuna vikombe vyenye maua vilivyofungwa kwa seti na visosa vyake, chupa ya chai ambayo haijawahi kutiwa chai ya watoto, sahani za harusi, na bakuli alizoletewa na dada yake aliyefariki. Kila rafu imetandikwa kitambaa cha kufuma kwa sindano, ncha zake zikining'inia mbele kidogo ili zionekane. Vyombo hivyo hutoka kwa mgeni wa heshima na msiba mkubwa, basi. Mbunifu anayekuja na kusema kabati liondolewe sebule ipumue hajui ameshika nini mkononi.

Jambo linalorudi zaidi katika mazungumzo ya watazamaji ni ukuta wa jiko. Ukitazama Fixer Upper ya Chip na Joanna Gaines, iliyoanza mwaka 2013 huko Waco, Texas, au Love It or List It ya Hilary Farr na David Visentin, utaona kazi ya kwanza karibu kila mara ni nyundo. Ukuta kati ya jiko na sebule unabomolewa, na wote wanafurahi kwamba sasa mama atapika huku akiwaona wageni. Wapo vijana wa Mbeya wanaojenga Iwambi na Uyole ambao wameupenda mpango huo na wanamwambia fundi mwashi asiuinue ukuta huo. Wazazi wao wanakataa, na sababu yao ya kwanza ni moshi na harufu ya mafuta: gesi ipo, lakini maharage bado yanachemshwa kwa mkaa.

Ila kuna sababu kubwa zaidi, na hii mbunifu wa Texas hawezi kuijua asipoambiwa. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, mke hakutakiwa kuonana na baba mkwe wake. Hakumtazama, hakutaja jina lake, na akimwona njiani alijificha. Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kwa kirefu jinsi heshima hiyo ilivyopanga hata makazi: vijana wa rika moja walijenga kijiji chao peke yao, mbali na baba zao. Yaani watu hawa walipanga kijiji kizima ili mkwe na mkwe wasigongane macho. Siku hizi mambo yamelegea, mjini watu wanasalimiana na kula meza moja. Lakini mzee akitoka Tukuyu kuja kumtembelea mwanawe mtaa wa Forest, Mbeya, mkamwana bado anataka mahali pa kupita asikatize mbele yake na sufuria mkononi. Korido ndogo na mlango wa nyuma wa jiko ndivyo vinavyomsitiri. Ukibomoa ukuta ule, umemtoa mke nje mbele ya mkwe wake kila saa ya kupika.

Tena wajenzi hao wa Rungwe walikuwa na uzuri wao. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita huko mwaka 1879, alistaajabia nyumba za mianzi na udongo, usafi wa vijiji na migomba iliyozunguka. Nalitaja hili kwa sababu kuna dhana, hata kwa vijana wasomi, kwamba ubunifu wa ndani ya nyumba umetujia na king'amuzi.

Kuna upande mwingine wa maoni haya, na huo ni wa watu wa mbao. Joanna Gaines alizipa umaarufu kuta za mbao za kulala, zilizopangwa moja juu ya nyingine na kupakwa rangi nyeupe. Wamarekani wakazitafuta kila mahali. Msitu wa Sao Hill ulioko Mufindi ndio shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, zaidi ya hekta 130,000, na mji wa Mafinga unaishi kwa misumeno. Huko mbao za ukutani zina jina la umaskini. Mabanzi, yaani vile vipande vya pembeni vyenye magome, hujengea vibanda vya mama lishe, mabanda ya nguruwe na vyoo vya muda. Mwenye uwezo hujenga kwa tofali za kuchoma. Kwa hiyo mtazamaji wa Mafinga anapoona ukuta wa mbao kwenye nyumba ya tajiri, kwanza anashangaa, kisha anaanza kufikiri. Nimewasikia maseremala wakijadili kwamba mbao ya paini ikikaushwa vizuri, ikarandwa na kupigwa dawa ya wadudu, ingepunguza baridi ya ukuta wa tofali kuliko rangi yoyote. Hapo kipindi kimefanya kazi nzuri, kwa kumfanya mtu aitazame upya mali iliyoko mlangoni kwake.

Vivyo hivyo kwa vikapu. Wabunifu wa ng'ambo hupenda kutundika ukutani vikapu vilivyofumwa Afrika, na wanawake wa Iringa wamesuka vikapu vya milulu tangu enzi na enzi. Wapo wanaosema kikapu ni cha kubebea na ungo ni wa kupepetea, kuvitundika ni kuvinyima kazi. Mimi nakubaliana zaidi na wasukaji, ambao wanajua tofauti ya bei kati ya kikapu cha sokoni na kikapu cha ukutani. Iringa mjini kuna Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, ambako mafundi wenye ulemavu, wengi wao viziwi, hufuma vitambaa na kutengeneza hata karatasi kwa kinyesi cha tembo. Watalii hujaa pale. Wenye nyumba wa Kihesa na Mtwivila wanaonunua mapazia kutoka China hupita mlangoni bila kuingia, na hilo linanisikitisha.

Sasa tuje kwenye fedha, ambapo watazamaji wetu hawamwamini mbunifu yeyote. Katika Extreme Makeover: Home Edition, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2003 ikiongozwa na Ty Pennington, familia hupelekwa likizo na nyumba mpya husimama ndani ya siku saba. Hapa nyumba ina umri kama mtoto. Kwanza kiwanja, halafu msingi unaoota majani miaka miwili, halafu boma, halafu kupaua kwa bati za msauzi Mungu akijalia. Mtu anahamia madirisha yakiwa na mabanzi badala ya vioo. Kupiga lipu, marumaru, dari na rangi ni kazi ya miaka inayofuata, kadiri kahawa, viazi au mshahara unavyoruhusu. Na muda wote huo mwenye nyumba yuko pale anahesabu mifuko ya saruji, kwa sababu fundi asiyesimamiwa kila mtu anamjua. Wazo la kuondoka wiki nzima na kuwaachia wageni nyumba halimwingii mtu akilini. Iliporipotiwa baadaye kwamba baadhi ya familia za kipindi hicho zilielemewa na bili za umeme na kodi za majumba makubwa waliyojengewa, watu wa huku hawakuhitaji maelezo.

Afrika Mashariki tumewahi kufanya jambo hili kwa namna yetu. Shamba Shape Up, kipindi cha kampuni ya Mediae ya Kenya kilichoanza mwaka 2012 na kuonekana pia Tanzania, kilikwenda kwa mkulima mdogo kukarabati shamba lake: banda la ng'ombe, mabanda ya kuku, umwagiliaji wa matone, jiko banifu, taa za jua. Chuo Kikuu cha Reading cha Uingereza kilifuatilia matokeo yake kwa wakulima. Tofauti na vile vya nyumba ni kwamba mwenye shamba hakufungwa macho. Alikuwepo, akashika jembe na mtaalamu, akauliza dawa inauzwa bei gani na wapi. Watazamaji walimpima mtaalamu kwa jibu lake, na wakaenda kujaribu wenyewe.

Kituo cha runinga kinachotaka kutengeneza kipindi cha nyumba kwa ajili ya mikoa hii kina kila kitu cha kuanzia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi, hufundisha usanifu majengo. Mafundi wapo. Mbao ziko Mafinga, chokaa na saruji Songwe, milulu Iringa. Wachukuliwe mwanafunzi mmoja na fundi mwashi mmoja, wapelekwe kwenye boma lililosimama Igawilo au Ipogolo, wakae na mama mwenye nyumba, mumewe na bibi wa nyumba hiyo kabla ya kupima chochote. Bajeti iwe ile ya mwenye nyumba mwenyewe. Bei ya kila mfuko isomwe kwa sauti mbele ya kamera, na kamera zirudi Julai inayofuata, asubuhi, watu wakiwa bado wamejifunika mablanketi, ili tujue kama baridi imepungua na mlango wa jiko bado unatumika.