Halmashauri Zinavyochangia Ujenzi wa Nyumba za Umma: Mazingira ya Lushoto na Milima ya Usambara

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto hupanda mlima kwa takriban kilomita 33 kupitia Soni. Njia nzima, palipo na tambarare pamekwishalimwa au kujengwa. Mwalimu au muuguzi anayepangiwa kazi katika vijiji vya milima hii hukabiliwa mapema na swali la mahali pa kuishi. Asipopata nyumba karibu na kituo chake, hutembea mteremko mrefu kila siku au huomba uhamisho, na anayebaki na pengo ni mwanafunzi na mgonjwa.

Wananchi wengi huuliza: je, ni wajibu wa nani kujenga nyumba hizo, na fedha zake hutoka wapi?

Nchini Tanzania ujenzi wa nyumba za umma umekabidhiwa taasisi kadhaa za Serikali Kuu. Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) lilianzishwa mwaka 1962, na mwaka 1990 liliunganishwa na Msajili wa Majumba, chombo kilichokuwa kikisimamia majengo yaliyotaifishwa kuanzia mwaka 1971. Wakala wa Majengo Tanzania (TBA), ulioanzishwa mwaka 2002, hushughulikia majengo ya Serikali na makazi ya watumishi wake. Ipo pia Watumishi Housing Investments, inayojenga kwa ajili ya watumishi wa umma kwa mitaji inayotokana zaidi na mifuko ya hifadhi ya jamii.

Taasisi hizi si mali ya halmashauri, wala haziendeshwi kwa ruzuku ya halmashauri. NHC, kwa mfano, hujenga kwa kutumia mikopo, kodi za pango na mauzo ya nyumba. Kwa sababu hiyo, kila gharama inayobebwa na Shirika hatimaye huingia katika bei anayolipa mnunuzi au mpangaji. Hapo ndipo mchango wa halmashauri unapokuwa na uzito.

Mchango wa kwanza ni ardhi iliyopangwa na kupimwa. Wa pili ni huduma za msingi: halmashauri huratibu barabara kupitia TARURA, maji kupitia RUWASA au mamlaka ya maji ya mji, na umeme kupitia TANESCO. Wa tatu ni vibali vya ujenzi vinavyotolewa bila kuchelewa. Wa nne ni soko: halmashauri yenyewe inaweza kununua au kupanga nyumba kwa ajili ya watumishi wake, na ahadi hiyo hulipa shirika uhakika wa kurejesha mkopo. Katika Mkoa huuhuu wa Tanga, NHC imejenga nyumba za gharama nafuu wilayani Mkinga.

Chukulia mfano wa kukadiria tu. Ikiwa mradi wa nyumba 20 unahitaji barabara na bomba la maji la shilingi milioni 100, na gharama hiyo ikaachiwa mjenzi, kila nyumba itapanda bei kwa shilingi milioni 5. Ikiwa huduma hizo zimekwishafikishwa kwenye eneo, mzigo huo haumfikii mtumishi.

Kwa Lushoto, mchango wa ardhi ndio mgumu kuliko yote. Miteremko ni mikali, na mvua hubomoa kingo zilizokatwa vibaya. Misitu ya hifadhi, ukiwamo wa Magamba, haiguswi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito. Aidha, sehemu kubwa ya ardhi ni ya vijiji. Halmashauri haina mamlaka ya kuigawa kwa shirika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka utaratibu wa kuihamisha kuwa ardhi ya jumla, ukihusisha mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na fidia kamili, ya haki na kwa wakati.

Mifuko ya halmashauri nayo ina mipaka. Katika wilaya inayotegemea mboga, matunda, viazi na chai, ushuru wa mazao ni chanzo muhimu; lakini mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, ili kumpunguzia mkulima mzigo. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, mwananchi huilipa anaponunua umeme. Hivyo halmashauri hutegemea pia ruzuku ya maendeleo na, inapokidhi vigezo, mikopo.

Kutokana na mipaka hiyo, nyumba nyingi za walimu na watumishi wa afya vijijini hazijengwi na mashirika. Wananchi husomba mawe, mchanga na matofali na kuinua boma. Halmashauri na Serikali Kuu huleta bati, saruji na fedha za umaliziaji. Utaratibu huu hupunguza gharama, lakini boma lisiloezekwa huharibiwa na mvua za milimani, na nguvu za wananchi zikapotea bure. Busara ni kuanza idadi inayoweza kukamilishwa ndani ya bajeti.

Mwananchi anayo nafasi yake katika jambo hili. Vipaumbele vya miradi huanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha huamuliwa na Baraza la Madiwani. Wananchi wanahimizwa kuhudhuria mikutano hiyo, kusoma taarifa za mapato na matumizi zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo, na kumuuliza diwani wao mambo matatu: ni eneo gani limepimwa kwa ajili ya makazi ya watumishi, ni huduma zipi zimefikishwa hapo, na ni maboma mangapi yanasubiri kuezekwa.