Uendeshaji wa Mikutano ya Mtandaoni Yenye Ukarimu na Usalama kwa Wahariri wa Kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili: Mfano wa Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kuendesha mikutano ya mtandaoni ya wahariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili ili mgeni apokelewe vizuri na mshiriki yeyote asidhurike. Ufafanuzi umejikita katika mazingira ya wilaya za Kinondoni na Temeke, hasa kata zake za pembezoni. Makala inaongozwa na mawazo ya Lave na Wenger (1991) kuhusu ushiriki wa pembezoni, pamoja na Nadharia ya Upole ya Brown na Levinson (1987). Hoja kuu ni kwamba mkutano hufichua kile ambacho jina la mtumiaji huficha, yaani sauti, jinsia, umri, makazi na namba ya simu. Kwa sababu hiyo, ukarimu na usalama ni kazi moja, na kazi hiyo huanza kabla kikao hakijafunguliwa.

1.0 Utangulizi

Wikipedia ilianzishwa mwaka 2001, na toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003. Kamusi elezo hii huandikwa na watu wasiolipwa, wengi wao wakitumia majina ya kubuni. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala za Kiswahili lililowahusisha wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Shindano kama hilo huleta makala kwa muda mfupi. Hata hivyo, kinachomfanya mwandishi aendelee kuandika baada ya zawadi kugawiwa ni jambo jingine, nalo ni kuwa na wenzake wa kumwelekeza na kumsubiri.

Umuhimu wa kumpokea mgeni umethibitishwa na utafiti. Halfaker na wenzake (2013), wakichunguza Wikipedia ya Kiingereza, walionesha kwamba idadi ya wahariri hai ilianza kushuka baada ya mwaka 2007. Sababu mojawapo ilikuwa namna wageni wenye nia njema walivyokataliwa haraka, mara nyingi kwa kutumia zana za kompyuta zilizokusudiwa kuzuia uharibifu. Ikiwa toleo lenye wahariri wengi liliathirika kwa kiasi hicho, toleo la Kiswahili lenye wahariri wachache haliwezi kupuuza hasara ya kumpoteza hata mmoja.

2.0 Mazingira ya Kinondoni na Temeke

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Kati yao, 982,328 walikuwa Kinondoni na 1,346,674 Temeke. Wilaya hizi zina taasisi za elimu ya juu zinazoweza kutoa wahariri: makao makuu ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania yapo Kinondoni, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam kipo Chang'ombe, Temeke. Aidha, zina mambo mengi ya kuandikwa, yakiwamo magofu ya Kunduchi, historia ya Tandale, viwanja vya Sabasaba, na milipuko ya ghala la silaha iliyotokea Mbagala tarehe 29 Aprili 2009. Watu wanaoishi karibu na mambo haya ndio wanaojua nani wa kuulizwa na gazeti lipi la kutafutwa.

Hata hivyo, mkazi wa Bunju au Mabwepande na mkazi wa Chamazi au Toangoma wanatenganishwa na jiji zima. Kukutana ana kwa ana kunahitaji daladala zaidi ya moja, nauli na saa kadhaa barabarani. Mkutano wa mtandaoni huondoa gharama hiyo, lakini huleta nyingine. Mshiriki hununua kifurushi cha intaneti. Umeme unaweza kukatika. Katika nyumba ya kupanga yenye ukumbi na uani wa pamoja, mazungumzo ya mshiriki husikiwa na majirani, na mazungumzo ya majirani husikiwa kikaoni. Mpangaji wa mkutano asiyezingatia hali hii atadhani kwamba aliyezima kamera hana nidhamu, kumbe amelala chumba kimoja na wadogo zake.

3.0 Mihimili ya Kinadharia

Lave na Wenger (1991) wanaeleza kwamba mtu hujifunza kazi kwa kuingia katika jamii ya watendaji kupitia pembezoni: huanza na kazi ndogo zilizo halisi, kisha husogea taratibu kuelekea kati. Kwa mhariri mpya, kazi hizo ni kama kusahihisha tahajia, kuongeza chanzo, au kuunganisha makala mbili kwa kiungo. Mkutano unaomtaka mgeni aandike makala nzima siku ya kwanza unamrusha katikati ya mto kabla hajajua kina chake.

Brown na Levinson (1987) wanafafanua kwamba kila mzungumzaji ana uso, yaani heshima anayotaka itambuliwe na uhuru asiotaka uingiliwe. Kumkosoa mtu ni tendo linalotishia uso wake. Katika ukurasa wa majadiliano, tishio hilo hupunguzwa na jina la kubuni. Mkutanoni, mkosolewaji anasikiwa na kuonekana. Nadharia hizi mbili zinakamilishana: ya kwanza inaeleza mgeni apewe kazi gani, na ya pili inaeleza azungumziweje anapokosea.

4.0 Uendeshaji Wenye Ukarimu

4.1 Maandalizi

Ukarimu huanza katika tangazo. Tangazo linapaswa kutaja saa za kuanza na kumaliza, programu itakayotumika, makadirio ya matumizi ya data, na ruhusa ya kushiriki kwa sauti peke yake. Picha za video hutumia data nyingi mara kadhaa kuliko sauti, hivyo kamera isiwe sharti. Ni vyema muda wa kikao usigongane na sala ya magharibi au ya isha, ibada za Jumapili, wala saa za mapishi ya jioni. Kikao kinachopangwa saa moja jioni bila kuuliza kitawakosa wanawake wengi, na baadaye itasemwa kwamba wanawake hawapendi kuhariri.

Lipo pia tatizo la kiufundi linalowavunja moyo wageni wengi. Mitandao ya simu huwaunganisha wateja wengi kupitia anwani moja ya intaneti. Mharibifu mmoja akizuiwa, mgeni asiye na hatia anayetumia anwani hiyo hukuta ujumbe kwamba amezuiwa kuhariri. Vilevile, miradi ya Wikimedia huweka kikomo cha akaunti sita mpya kwa siku kwa kila anwani. Njia ya kuepuka aibu hiyo ni kuwataka wageni wafungue akaunti siku chache kabla, kuomba kikomo kiondolewe kwa muda, na kuwaarifu wakabidhi wa Wikipedia ya Kiswahili kuhusu kikao. Wakabidhi wakijua mapema, hawatashangazwa na wimbi la akaunti mpya wala kuzidhania kuwa ni hila.

4.2 Salamu, rika na zamu ya kusema

Katika Kiswahili cha Dar es Salaam, mdogo huanza kwa shikamoo na mkubwa hujibu marahaba. Salamu hii ni sehemu ya heshima, na haifai kuondolewa kikaoni. Hata hivyo, inapanga watu kwa umri kabla mada haijaanza. Kijana wa miaka ishirini akiona kwamba mwalimu mstaafu amenukuu chanzo kisichotosha, huenda akanyamaza. Wikipedia haiamui kwa umri bali kwa vyanzo vinavyothibitika, kwa hiyo ukimya huo unaidhuru kazi yenyewe.

Mwezeshaji anaweza kutatua mgongano huu bila kumvunjia mtu heshima. Salamu zitolewe na zijibiwe. Kisha mwezeshaji atangaze kwamba katika kazi kinachoulizwa ni chanzo, naye agawe zamu kwa mpangilio wa mikono iliyoinuliwa. Kinyume cha desturi ya baraza, ambapo wazee husema kwanza, wageni wapewe nafasi ya kuuliza mwanzoni. Maswali ya maandishi yasomwe kwa sauti na mwezeshaji bila kutaja aliyeuliza, endapo mwenyewe hataki kutajwa.

4.3 Kukosoa bila kumvunja mtu

Kosa linalojirudia miongoni mwa wageni ni kunakili aya nzima kutoka gazetini au kubandika tafsiri ya mashine isiyohaririwa. Makosa haya hayawezi kuachwa, kwa kuwa la kwanza linakiuka hakimiliki na la pili linashusha hadhi ya lugha. Hata hivyo, kuonesha kioo cha kompyuta na kusoma kosa la mtu mbele ya washiriki wote ni kumtoa nje ya jamii. Ni bora mwezeshaji atumie mfano aliouandaa mwenyewe kwa ajili ya somo, na mwenye kosa aelezwe faraghani na mhariri mzoefu aliyepangwa naye tangu mwanzo.

5.0 Usalama wa Washiriki

5.1 Namba ya simu

Hatari iliyo karibu zaidi katika mazingira haya ni kundi la WhatsApp. Ndiyo njia rahisi ya kuwakusanya watu, lakini katika kundi la kawaida kila mwanachama anaweza kuona namba za wenzake. Fikiria mhariri wa kike wa Mbagala aliyejiunga kwa ajili ya kikao kimoja. Usiku huohuo mshiriki asiyemfahamu anamtumia ujumbe, kisha anampigia. Mhariri huyo hatalalamika. Atajiondoa katika kundi, na kwa kuwa kundi ndilo mlango pekee aliouona, atakuwa amejiondoa pia katika uhariri. Katika taarifa ya mwisho atahesabiwa kuwa mshiriki, ilhali ameshapotea.

Kinga yake si ngumu. Usajili unaweza kufanyika katika ukurasa wa tukio ndani ya miradi ya Wikimedia kwa jina la mtumiaji peke yake. Pale WhatsApp inapolazimika, litumike kundi la matangazo lisiloonesha namba za wanachama. Uangalifu huohuo unahitajika katika kurejesha gharama za vifurushi. Anayetuma fedha kwa simu huoneshwa jina lililosajiliwa la mpokeaji, hivyo jina la kubuni na jina halisi huunganishwa papo hapo. Kazi hiyo ifanywe na mtu mmoja aliyekubaliwa, na orodha isisambazwe wala kuambatishwa katika taarifa ya wazi.

5.2 Sheria na kanuni

Kanuni ya Maadili ya Jumla ya Wikimedia, iliyoidhinishwa na Bodi ya Wadhamini na kutangazwa Februari 2021, inahusu kurasa za miradi pamoja na mikutano, iwe ya ana kwa ana au ya mtandaoni. Inakataza matusi, vitisho, unyanyasaji wa kijinsia, na kufichua taarifa binafsi za mchangiaji bila ridhaa yake. Mwongozo wa utekelezaji wake ulipigiwa kura na wachangiaji mwaka 2022 na tena mwaka 2023 baada ya kurekebishwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi mahususi na zisizidi mahitaji ya kusudi hilo. Kwa mpangaji wa mkutano, maana yake ni kutokuuliza tarehe ya kuzaliwa au anwani ya makazi endapo jina la mtumiaji linatosha. Kurekodi kikao kunahitaji ridhaa iliyoombwa kabla ya kuanza. Wanafunzi walio chini ya umri wa miaka 18, ambao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawatambua kuwa watoto, washirikishwe kwa idhini ya mzazi au mlezi.

5.3 Wakati wa kikao

Kikao salama kina watu wawili wenye majukumu tofauti: mwezeshaji anayeongoza mada, na mlinzi wa kikao anayewapokea watu katika chumba cha kusubiri, kuzima sauti za wavamizi na kusoma malalamiko ya faragha. Mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili vizuri. Kiungo cha kikao kitumwe kwa waliojisajili tu. Jina la mlinzi na njia ya kumfikia vitajwe mwanzoni, pamoja na mtu wa pili wa kupokea lalamiko endapo anayelalamikiwa ni mlinzi mwenyewe. Bila njia hiyo ya pili, kanuni hubaki kuwa maneno matupu, hasa katika jumuiya ndogo ambamo mwandaaji, mkufunzi na mgawaji wa fedha huwa mtu mmoja.

6.0 Mjadala

Inaweza kudaiwa kwamba masharti haya yanaufanya mkutano uwe mzito, na kwamba ukarimu wa Kiswahili hauhitaji kanuni. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mgeni akianza kwa kusomewa makatazo kumi atahisi yupo kituo cha polisi. Lakini methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone inadokeza kwamba mwenyeji ndiye mwenye kufaidika, hivyo ndiye mwenye kubeba mzigo wa maandalizi. Kanuni nyingi zilizoelezwa hapa humhusu mwandaaji zaidi ya mgeni. Mgeni anahitaji kusikia mambo matatu tu: kwamba anaweza kuficha jina na sura yake, kwamba kukosea kunaruhusiwa, na kwamba akisumbuliwa yupo mtu wa kumwambia.

Pia, kuna mvutano kati ya faragha na uaminifu. Wafadhili hutaka orodha ya majina na picha za washiriki. Takwimu za michango chini ya majina ya watumiaji zinatosha kuthibitisha kazi iliyofanyika, na zina faida ya kuonesha nani aliendelea kuhariri baada ya mwezi mmoja, jambo ambalo picha ya pamoja haioneshi.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba mkutano wa mtandaoni unaweza kumfikia mkazi wa Chamazi na wa Bunju kwa saa ileile, lakini kwa kufanya hivyo unaingia katika chumba chake, simu yake na uhusiano wake na majirani. Inapendekezwa kwamba waandaaji watenganishe jukumu la uwezeshaji na la ulinzi, wasajili washiriki kwa majina ya watumiaji, waruhusu ushiriki wa sauti au maandishi, na wapime mafanikio kwa idadi ya wanaobaki badala ya idadi ya waliohudhuria. Uchunguzi wa uwandani kuhusu sababu zinazowafanya wahariri wapya wa wilaya hizi wabaki au waondoke ungefaa kufuata. Hadi hapo, kila mhariri anayeondoka kimya huondoka na habari za mtaa wake, nazo hazitaandikwa na mtu anayeishi mbali nao.