Mshahara au Sanaa: Kijana Afuate Lipi?

Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto amalize Kidato cha Nne huwaza nini akiambiwa kwamba kijana wake anataka kuwa mchoraji? Huwaza karo aliyolipa, na wadogo wanaomngojea kaka yao awasaidie. Kwa hiyo hujibu kwa ukali: "Mwanangu, tafuta kazi kwanza. Hayo mengine ni michezo." Kijana huona hakueleweka, na nyumba huingia baridi.

Tusiharakishe kumlaumu mzee. Paul Cézanne, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1839, alikuwa mtoto wa mwenye benki. Baba alitaka awe mwanasheria. Kijana alianza masomo ya sheria, akayaacha, na mwaka 1861 akaenda Paris kuchora. Aliyemlisha huko ni nani? Ni baba yule yule, kwa posho aliyompelekea. Lakini posho hiyo ilikuwa kamba shingoni. Kwa miaka mingi Cézanne alimficha baba yake mwanamke aliyeishi naye na mtoto waliyemzaa mwaka 1872, akiogopa kukatiwa fedha. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika mwaka 1895, naye ana miaka 56. Ni wangapi kwetu wenye baba wa kuwalisha muda wote huo?

Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, hakuwa na benki nyuma yake. Mwaka 1926 aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha, akaendelea kuitumikia serikali kwa zaidi ya miaka 30. Mashairi na vitabu vyake vingi aliviandika akiwa mwajiriwa. Alifariki mwaka 1962, na leo anakumbukwa kwa kalamu yake, si kwa mafaili ya forodha.

Njia hiyo nayo ina gharama. Mtu anayerudi jioni akiwa amechoka huandika wakati wenzake wamelala, na si kila mmoja huweza.

Basi kijana aketi na wazee wake akiwa na hesabu mkononi: atakula nini, na karo ya mdogo wake italipwa na nani. Mzee naye asichome brashi. Mwenye kupokea mshahara mchana na kuchora usiku hajaisaliti sanaa, wala hajawatupa wazazi wake.