MKE NA MUME NDANI YA MTUMBWI MMOJA
Safari ya Florence na Samuel Baker, Mto Nile na Ziwa Albert

Wengi wetu tulifika huku kwa njia ya maji, wengine kwa Ziwa Tanganyika, wengine kwa Ziwa Albert. Kwa hiyo mwezi huu ukurasa wa familia unawaletea habari ya mke na mume waliosafiri majini zaidi ya miaka 150 iliyopita. Na huyo mama, kumbe naye aliwahi kuwa mkimbizi kama sisi.

Florence alikuwa nani?

Alizaliwa yapata mwaka 1841 huko Transylvania, ambayo leo ni sehemu ya Romania. Vita vya mapinduzi ya Hungaria vya 1848 na 1849 vilimpotezea familia yake angali mtoto. Akajikuta kati ya wakimbizi katika mji wa Vidin, kando ya Mto Danube, mji uliokuwa chini ya Waturuki. Alilelewa na watu baki, na inasimuliwa kwamba mwaka 1859 alipelekwa mnadani auzwe kama mtumwa. Hapo ndipo alipokutana na Samuel Baker, Mwingereza aliyefiwa na mke. Wakaondoka pamoja.

Kupanda Mto Nile

Tarehe 18 Desemba 1862 waliondoka Khartoum, Sudan, wakiwa na mashua tatu, watu 96, na wanyama 29 wa kubeba mizigo na kupanda: punda, ngamia na farasi. Walitaka kujua Mto Nile unatoka wapi. Upande ule mto unapita kwenye mabwawa makubwa ya matete na mafunjo. Mbu usiku kucha, na pa kushuka kwenye nchi kavu ni kwa kutafuta.

Walifika Gondokoro, karibu na Juba ya leo, tarehe 2 Februari 1863. Hapo wakakutana na wasafiri wawili, Speke na Grant, waliokuwa wametoka Unguja na kupita Buganda. Hao wakawaambia kuna ziwa lingine upande wa magharibi ambalo wao hawakulifikia. Juu ya Gondokoro mto una maporomoko, mashua hazipiti. Basi ikabidi kwenda kwa nchi kavu, na safari hiyo ikala karibu mwaka mzima.

Walipokuwa wanavuka mto Kafu katika nchi ya Bunyoro, Florence alipigwa na jua kali akaanguka. Alipoteza fahamu siku kadhaa, akabebwa kwenye machela. Watu wao walishatia mpini mpya kwenye sururu ili wamchimbie kaburi. Lakini Mungu hakupenda, akaamka.

Siku 13 ziwani

Tarehe 14 Machi 1864 wakaliona ziwa. Wenyeji waliliita Mwitanzige, yaani muua nzige, na wavuvi wake walilijua tangu enzi za mababu. Baker akalipa jina la Albert, marehemu mume wa malkia wa Uingereza.

Wakapata mitumbwi miwili ya gogo. Wao wakachukua mmoja, wenye urefu wa karibu mita 8, wakauwekea kibanda cha kujikinga jua na mvua. Usiku wa kwanza wapiga makasia wote wakatoroka! Waliobaki hawajawahi kushika kasia maishani, hivyo mtumbwi ukawa unazunguka pale pale kama pia. Baker akatengeneza usukani kwa kasia, na blanketi lake akaligeuza tanga. Ndipo chombo kikakubali kwenda mbele.

Jambo moja walijifunza haraka: ziwa lile asubuhi ni shwari, lakini ikifika kama saa saba mchana upepo mkali unainuka na mawimbi si mchezo. Siku moja upepo ukawakuta mbali na pwani, wakaponea chupuchupu. Tangu hapo wakawa wanasafiri mapema na kuvuta mtumbwi nchi kavu kabla ya upepo. Kwa siku 13 walikwenda hivyo mpaka Magungo, mahali Nile inapoingia ziwani. Kutoka hapo walipanda mto mpaka kwenye maporomoko makubwa ya Murchison. Karibu na maporomoko kiboko akaupiga mtumbwi kwa chini, nusura uwapindue kati ya mamba.

Kurudi kulikuwa kugumu vile vile. Waliugua homa kwa miezi, wakala mboga za porini. Mwaka 1865, wakishuka Nile kwa mashua, tauni iliingia chomboni ikaua watu wao kadhaa, pamoja na kijana wao mpendwa Saat. Walifika Khartoum Mei 1865, wakaenda Suakin kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, na huko wakapanda meli hadi Suez. Novemba mwaka huo wakafunga ndoa London.

Tusiwafanye malaika. Baker alirudi na jeshi, na mwaka 1872 akapigana na Omukama Kabalega huko Masindi na kuuchoma mji. Hilo nalo ni sehemu ya habari.

Na sisi je?

Ziwa ni lile lile. Tarehe 22 Machi 2014 boti iliyojaa Wakongo waliokuwa wanarudi nyumbani kutoka Uganda ilipinduka Ziwa Albert, na watu zaidi ya 200 wakafa maji, wengi wao watoto. Boti ilibeba watu wengi kupita kiasi. Kwa hiyo, mzazi unayefikiria kuvuka:

– Usipande chombo kilichojaa, hata kama nauli umeshalipa. Nauli hurudishwa, mtoto harudishwi.
– Uliza wavuvi wa hapo kuhusu upepo. Uondoke asubuhi.
– Kila mtu avae jaketi la kujiokolea. Mtoto apewe la kimo chake.
– Baba na mama mkubaliane kabla. Mmoja akisema "leo maji mabaya", mwenzake amsikilize.

Florence alifariki mwaka 1916, akiwa amezeeka nyumbani kwake Uingereza. Mtoto aliyepotelewa na wote alipata tena mahali pa kuitwa mama wa nyumba. Wasomeeni watoto habari hii jioni, na wale waliovuka maji wakiwa wadogo mno hata hawakumbuki, muwasimulie na safari yao.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.