Ule mchanga "mtupu" wa Shela ndio tangi la maji la Lamu

Fungua Google Maps, tafuta Lamu, alafu weka picha ya setilaiti. Utacheki mji umejibana hapo mashariki ukiangalia Manda, Shela iko chini kidogo, na kutoka Shela kwenda kusini-magharibi kuna bonge la mchanga mweupe. Hakuna keja, hakuna kitu. Ukiangalia hivyo tu utasema hizo ni ploti zimelala.

Hapo ndio wasee wengi hukosea. Ramani ya simu inakuonyesha juu tu, na kisiwa kina matabaka.

Anza na mji. Kuta za nyumba za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa. Dari ni boriti za mikoko, na ndio maana vyumba ni virefu lakini vyembamba: boriti ikiisha, chumba kimeisha. Yaani msitu ndio ulipima keja. Alafu kuna ngome, ile iliisha kujengwa 1821. Ilikuwa karibu na maji kabisa. Leo ukitoka mlangoni unapita uwanja na majengo kabla ufike baharini, juu watu walijaza ufuo polepole mpaka ukawa mtaa.

Sasa shuka chini ya mchanga. Mvua ikinyesha kwa yale matuta haitiririki, inazama. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hivyo yanakaa juu yake kama mafuta kwa supu. Visima vya Shela huchota hapo, na mji wa Lamu hunywa hapo. Ukivuta maji kupita kiasi, chumvi inapanda. Ukijenga juu na kuchimba choo, uchafu unafuata njia ileile ya mvua. Na ukibeba mchanga na lori ukajengee, maze, umebeba tangi lenyewe.

Si story za kutishana. Vuka uende Manda ucheki magofu ya Takwa. Msikiti bado umesimama, lakini watu walihama karne ya 17, na moja ya sababu zinazotajwa sana ni maji ya visima kugeuka chumvi. Wengi wao inasemekana walivuka wakaja wapi? Shela.

Mji wa Kale uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2001, lakini hilo eneo ni kama ekari 40 tu. Matuta hayako ndani. Wageni hupiga picha milango ya kuchongwa, na ni sawa, ni mizuri. Lakini mlango haunyweki.

Kwa hivyo buda akikuletea ploti ya Shela inayoangalia bahari, bei poa, usiulize hatimiliki pekee. Muulize visima viko umbali gani, na choo kitakaa wapi.