Tairi la Kuvuta Tela: Soma Ubavu Kabla ya Kashata

Mnunuzi anayeingia katika duka la matairi mjini Mbulu au Katesh kwa kawaida hutazama mambo mawili: bei na ukubwa wa kashata. Kwa mwenye gari lisilovuta kitu, ukaguzi huo pengine hautamletea hasara kubwa. Kwa anayefunga tela nyuma ya pikapu ili kupeleka maharage, ngano au vitunguu saumu Babati, hautoshi. Uwezo wa tairi kubeba mzigo hauonekani katika kashata. Umeandikwa ubavuni, na si kila muuzaji anaweza kukusomea.

Tuchukue mfano wa tela la magurudumu mawili lenye uzito wa kilo 400 likiwa tupu. Likipakiwa magunia 15 ya maharage, kila moja kilo 100, uzito wote hufika kilo 1,900. Tela lililopangwa vizuri huegemeza takriban sehemu moja ya kumi ya uzito huo, yaani kilo 190, kwenye kiungo cha gari linalolivuta. Kilo 1,710 zinazobaki hubebwa na matairi mawili: kilo 855 kila moja, endapo barabara ni tambarare na mzigo umelala sawa pande zote.

Sasa tulitazame tairi lenyewe. Maandishi 195/65 R15 91H, ya kawaida kwenye magari madogo, yana maana ya upana wa milimita 195, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 65 ya upana huo, muundo wa rediali na rimu ya inchi 15. Herufi H ni ya mwendokasi, nayo haimsaidii sana mwenye tela. Namba inayomhusu ni 91. Hiyo si kilo 91, bali ni alama katika jedwali la kimataifa la uwezo wa matairi, na thamani yake ni kilo 615. Matairi mawili ya aina hiyo hubeba kilo 1,230 tu. Tela la mfano wetu limeyazidi kwa kilo 480, karibu magunia matano, ingawa matairi yanaweza kuwa mapya kabisa na kashata zake hazijaguswa.

Tairi lenye maandishi 195 R14C 106/104 lina upana uleule, lakini herufi C huonyesha kuwa limeundwa kwa magari ya biashara. Alama 106 ni kilo 950, hivyo mawili hubeba kilo 1,900, na hubaki akiba kidogo kwa ajili ya mashimo na makorongo. Matairi ya mizigo midogo yanayotengenezwa kwa utaratibu wa Marekani huwa na herufi LT. Yale yenye herufi ST ni ya tela pekee. Yasifungwe kwenye gari.

Kwa nini kuna namba mbili, 106 na 104? Ya kwanza ni ya tairi lililofungwa peke yake, ya pili ni ya matairi yaliyofungwa pacha. Tofauti hiyo si ndogo. Tairi la lori la 7.50 R16 lenye alama 122/118 hubeba kilo 1,500 likiwa peke yake na kilo 1,320 likiwa pacha. Mwenye lori lenye matairi manne nyuma akihesabu kwa namba ya kwanza atajidanganya kwa kilo 720.

Zile kilo 190 zilizoegemea kwenye kiungo nazo zisisahaulike. Kwa kuwa kiungo kiko nyuma ya ekseli, uzito huo hunyanyua kidogo sehemu ya mbele ya pikapu na kuzidisha mzigo wa matairi ya nyuma kuliko kilo 190 zenyewe. Pikapu iliyokwisha kujaa magunia haina tena nafasi ya kuvuta tela hilo.

Kuhusu kashata, ushauri wetu huwashangaza wengi. Matairi ya tela hayasukumi gari, yanafuata tu. Mifereji iliyonyooka huyatosha, na hupata joto kidogo kuliko kashata nene. Kashata kubwa zifungwe kwenye magurudumu yanayosukumwa na injini, hasa kwa wanaopita katika udongo mweusi wa Basotu wakati wa masika.

Joto ndilo adui mkuu, na barabara ya kutoka Mbulu kupitia Magara hadi Mbuyu wa Mjerumani inalionyesha vizuri. Safari huanza katika ubaridi wa asubuhi, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,600, na kuishia katika Bonde la Ufa kwenye joto kali, baada ya mteremko ambao breki hufanya kazi bila kupumzika. Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, matairi yakiwa baridi, na ujaze kiasi kinachotakiwa kwa mzigo uliopakia. Ukifika chini ukakuta kipimo kimepanda, usipunguze. Upepo ukipunguzwa tairi likiwa moto, litakapopoa litakuwa na upepo pungufu, ubavu utajikunja zaidi katika kila mzunguko, na joto litaongezeka hadi tairi lipasuke.

Anayenunua tairi lililotumika atafute tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka kumi lisivute tela, hata kama lilikuwa limehifadhiwa stoo. Chunguza pia mifereji kwa kidole: iliyochongwa upya kwa kisu huwa na kingo kali na sakafu isiyo sawa, na mpira uliobaki chini yake ni mwembamba.

Matairi ya tela za trekta yana hesabu nyingine. Mengi yana alama A8, yaani mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa. Tela hilo likifungwa nyuma ya lori kwenye lami ya Babati hadi Singida, matairi yake yanatumikishwa kwa mwendo ambao hayakuundwa kuuhimili.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo kuhusu ubora wa bidhaa, au kuiuza iliyotumika kana kwamba ni mpya. Dai risiti ya EFD inayotaja saizi ya tairi, na kabla halijafungwa kwenye rimu piga picha ya ubavu wake, alama ya mzigo na tarakimu za DOT zikionekana. Ukihitaji kulalamika mbele ya Tume ya Ushindani, vielelezo hivyo viwili ndivyo vitakavyoonyesha kile ulichouziwa.