Fahamu: Vituo vya wazee Marekani hufanya nini?

Kituo cha wazee nchini Marekani si makao ya kulelea wazee. Mzee hulala kwake, hushinda kituoni, kisha hurudi nyumbani.

Vilianza lini?

Kituo cha William Hodson, kilichofunguliwa Bronx, New York, mwaka 1943, huhesabiwa kuwa cha kwanza. Sheria ya Wamarekani Wazee ya 1965 ilileta fedha za serikali kuu.

Kuna huduma gani?

Mlo wa mchana ndio kiini. Aliyetimiza miaka 60 hula bila kulazimishwa kulipa. Huombwa mchango wa hiari tu. Mlo huo hutakiwa kuwa na angalau theluthi moja ya virutubisho vinavyopendekezwa kwa siku. Vituo vingi pia huwa na mazoezi ya kuzuia kuanguka, vipimo vya shinikizo la damu na msaada wa kujaza fomu za bima.

Kwa nini kula pamoja?

Upweke huua. Mwaka 2023, Daktari Mkuu wa Marekani, Vivek Murthy, alionya kuwa kukosa watu wa karibu huongeza hatari ya kufa mapema sawa na kuvuta hadi sigara 15 kwa siku. Mezani kituoni, kiti cha mzee kikibaki kitupu, wenzake huuliza yuko wapi. Ulinzi wa mzee huanzia kwenye swali hilo.